Kansa ya Mapafu: Aliyekataliwa Upasuaji Bado Ana Njia



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta pembeni, chini ya mwembe wa parokia. Baba yake, mzee wa miaka 74, alikuwa anakohoa tangu Kwaresima. Katika hospitali ya rufaa walimpiga picha ya eksirei, kisha wakampima kwa mashine ya CT, wakachukua kinyama kwa sindano, na jibu likatoka: kansa ya pafu la kulia, uvimbe wa sentimeta 3, bado haujasambaa. Daktari wa upasuaji alimpima pumzi na moyo, akasema mzee huyu hawezi kufunguliwa kifua. Mapafu yake yamechoka kwa sigara za miaka 40, anaweza kufia mezani.

"Sista," aliniambia (wengi hapa huniita Sista ingawa mimi si mtawa, nina wajukuu), "baba wamemkataa. Tumemrudisha nyumbani tumpe anachopenda kula."

Nikamwuliza, "Mwanangu, walichokataa ni upasuaji au ni matibabu?" Alinitazama tu. Hakuna aliyemweleza kwamba hayo ni mambo mawili. Kwa kuwa nimelisikia neno hilo "wamemkataa" mara nyingi, na kwa familia nyingi, nimeona mwezi huu ukurasa wetu uzungumzie njia ambayo watu wengi hawajaisikia: tiba ya mionzi inayolenga uvimbe mdogo wa pafu kwa nguvu nyingi na kwa siku chache.

Ugonjwa unaonyamaza

Kansa ya mapafu, au saratani kama wengi wanavyoiita siku hizi, huanza kwa chembe hai chache zilizoacha kufuata utaratibu wa mwili, zikagawanyika ovyo mpaka zikawa uvimbe. Pafu halina mishipa ya maumivu ndani yake, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila mwenyewe kuhisi lolote. Wale wanaogunduliwa mapema mara nyingi hugunduliwa kwa bahati. Mtu alikwenda kupigwa picha kwa sababu ya ajali, au kabla ya kupasuliwa ngiri, na kivuli kikaonekana.

Sigara ndiyo chanzo kikubwa kupita vyote, hata kwa mke na watoto wanaovuta moshi wa baba sebuleni. Vumbi la asbesto, moshi wa magari ya dizeli na hewa chafu ya mijini pia husababisha. Moshi wa kuni jikoni nao unashukiwa sana na wataalamu, na mimi kila nikiingia jiko lisilo na dirisha husema neno, hata kama sikualikwa kusema. Wenye virusi vya UKIMWI nao wapo katika hatari kubwa kuliko wengine. Lakini pia wapo wasiowahi kuvuta hata sigara moja wakaugua, hivyo tusimhukumu mgonjwa.

Dalili zikijitokeza ni kikohozi kisichokwisha, makohozi yenye damu, pumzi kuwa fupi, maumivu ya kifua, sauti kukwaruza, kukonda. Nani katika nchi yetu akiona dalili hizo hafikirii kwanza kifua kikuu? Na ni haki kufikiria hivyo, maana kifua kikuu ndicho kingi, na kinapona. Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi, wala usisubiri.

Tatizo huja pale makohozi yanapoonyesha hakuna vijidudu na mgonjwa anaendelea kupewa dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha. Niliwahi kumwuguza dereva wa lori aliyemaliza dozi ya miezi sita ya kifua kikuu katika kituo kimoja, akaanzishiwa ya pili, na muda wote huo makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kitu. Alipofika kwetu, mitoki ya shingo ilikuwa imevimba na ini limeshaingiliwa. Picha yake ya kwanza ya eksirei alikuwa nayo ndani ya bahasha, imekunjwa mara nne. Kivuli kilikuwepo tangu siku ile, kidogo kama jicho la ng'ombe. Tulimtunza kwa dawa za maumivu, akafariki baada ya wiki tano. Mimi sikulala vizuri kwa sababu ya ile bahasha.

Kwa hiyo nasema wazi: ikiwa umetumia dawa za kichomi, au umeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila vijidudu kuonekana, na wiki sita zimepita kivuli kikiwa palepale au kikohozi hakijapungua, omba kwa heshima upigwe picha tena, na uulize kuhusu kipimo cha CT. Hasa kama umevuka miaka 50 au umewahi kuvuta sigara. Tena zitunze picha zako zote. Daktari akiwa na picha ya mwaka jana mkononi huona jambo ambalo picha ya leo peke yake haisemi.

Tochi nyingi, nyoka mmoja

Sasa tuje kwenye tiba yenyewe. Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, mwanafizikia wa Ujerumani, mwaka 1895. Kwa kiasi kidogo hupiga picha. Kwa kiasi kikubwa hukata nyuzi za vinasaba ndani ya chembe hai, na chembe iliyokatwa hivyo hushindwa kugawanyika, ikafa. Chembe za kansa hufa, na zile nzima zilizo njiani nazo huumia, ila zile nzima zina uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza.

Ndiyo sababu kwa miaka mingi mgonjwa wa kansa ya pafu alipewa mionzi kidogo kidogo. Kipimo chake huitwa grei. Alipewa grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki sita hivi, mpaka zifike grei 60. Fikiria mzee wa kijijini kupanga chumba mjini kwa wiki sita! Na pamoja na taabu yote hiyo, uvimbe mara nyingi ulirudi palepale.

Njia mpya ilianzia kichwani. Huko Sweden, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo Lars Leksell alibuni mwaka 1951 namna ya kukishika kichwa kwa fremu imara na kupeleka mionzi kutoka pande nyingi ikutane katika nukta moja. Nitumie mfano wa nyumbani. Usiku nyoka ameingia uani. Majirani kumi wanamulika tochi, kila mmoja kutoka mlangoni kwake. Kila sehemu ya ua inapata mwanga wa tochi moja tu, lakini pale alipo nyoka panawaka kama mchana. Hivyo ndivyo mionzi hii inavyofanya kazi. Kila mwali ukiwa peake yake ni dhaifu, nyama unakopita haiumii sana. Pale inapokutana yote ndipo penye nguvu ya kuua.

Kichwa hakitembei. Pafu je? Pafu hupanda na kushuka usiku na mchana, na uvimbe ulio chini, karibu na tumbo, unaweza kusogea sentimeta 2 au zaidi kila unapovuta pumzi. Kumulika nyoka anayetembea ni kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika hospitali ya Karolinska mjini Stockholm, mwanafizikia Ingmar Lax na daktari Henric Blomgren walitengeneza fremu ya kulaza mwili mzima na kubana kidogo tumbo ili pumzi iwe fupi. Siku hizi mashine ya CT hupiga picha mfululizo mgonjwa akipumua, na wataalamu huona uvimbe unakokwenda na kurudi, wakapanga mionzi kwa kufuata mwendo huo. Zipo mashine zinazosubiri pumzi ifike mahali fulani ndipo ziwake, na zipo zinazomfuata nyoka anavyokwenda. Mojawapo huitwa CyberKnife, iliyobuniwa na John Adler wa Marekani, ambaye alijifunza kwa Leksell.

Kwa kuwa mahali panalengwa kwa usahihi hivyo, daktari anathubutu kutoa dozi kubwa kwa mara moja: kwa mfano grei 18 kwa siku, kwa siku tatu tu, jumla 54. Mtu atasema, mbona 54 ni pungufu ya 60? Hesabu ya mionzi haiendi hivyo. Mzigo ukitolewa kwa mapigo makubwa machache, chembe za kansa hazipati nafasi ya kujitengeneza kati ya pigo na pigo. Grei 54 za mara tatu huua kupita kiasi grei 60 za mara 30. Kwa sababu hiyohiyo njia hii haina msamaha: ikikosea mahali, nyama nzima nayo itauawa.

Imefanikiwa kwa kiasi gani?

Huko Marekani walifanya uchunguzi kwa wagonjwa 55 waliokuwa kama yule mzee wetu: uvimbe mdogo usiosambaa, lakini moyo au mapafu hayakuruhusu upasuaji. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Baada ya miaka mitatu, uvimbe uliopigwa mionzi ulikuwa umeota tena kwa mgonjwa mmoja tu. Zaidi ya nusu yao walikuwa hai. Australia na New Zealand nao walilinganisha njia mbili, wakatoa majibu mwaka 2019. Kati ya 66 waliopewa mionzi ya kulenga, ugonjwa ulirudi palepale kwa 9. Kati ya 35 waliopewa mionzi ya kawaida ya wiki nyingi, ulirudi kwa 11.

Nisiwapambe kwa habari nusu. Wale 55 wa Marekani walipofuatiliwa mpaka miaka mitano, waliobaki hai walikuwa kama 4 katika kila 10. Baadhi waliuawa na moyo au mapafu yaliyokwisha choka tangu mwanzo. Kwa wengine kansa ilitokea sehemu nyingine ya mwili, maana mionzi hii huua uvimbe inaoulenga, haifuati mbegu zilizokwisha kutoroka. Hata hivyo, kwa mtu aliyeambiwa arudi nyumbani, miaka hiyo ni ubatizo wa vitukuu na Pasaka kadhaa.

Kwa mgonjwa mwenye nguvu za kupasuliwa, upasuaji bado ndiyo njia ya kwanza, asije mtu akaukimbia kwa kusoma ukurasa huu.

Nani anafaa

Uvimbe uwe usiozidi sentimeta 5, na mitoki ya ndani ya kifua iwe haijaingiliwa. Aina ya kansa nayo ijulikane, ndiyo maana kinyama huchukuliwa. Watu wetu wanaogopa sindano hiyo, wakisema kansa ikiguswa kwa chuma inakasirika na kusambaa. Sivyo. Hatari yenyewe ya sindano ni kwamba hewa inaweza kuvuja na pafu likanywea, jambo ambalo wauguzi tunaliangalia kwa saa kadhaa na linatibika. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama yetu, kinyama kina umuhimu wa pekee. Kovu au uvimbe wa kifua kikuu unaweza kufanana kabisa na kansa kwenye picha, hata kwenye kipimo cha PET. Je, unataka kupigwa mionzi kwa ajili ya kifua kikuu?

Mahali ulipo uvimbe ni jambo kubwa. Ulio pembeni mwa pafu ndio unaofaa zaidi. Ulio katikati, ndani ya sentimeta 2 kutoka mirija mikuu ya hewa, ni wa hatari. Mwaka 2006 madaktari wa Indiana, Marekani, walitoa taarifa kwamba wenye uvimbe wa katikati walipata madhara makubwa mno kwa dozi ile ya siku tatu, na wengine walifariki. Tangu hapo wagonjwa wa namna hiyo hugawiwa mionzi kwa mara 5 au 8, kwa dozi ndogo zaidi kila mara, na wengine huambiwa njia hii haiwafai. Daktari akisema hivyo usidhani anakunyima.

Siku ya mashine

Kwanza utalazwa juu ya godoro dogo linalotolewa hewa mpaka lishike umbo la mgongo wako, ili kila mara ulale vilevile. Utawekewa alama ndogo kwenye ngozi, usizisugue kwa dodoki. Kisha utarudi nyumbani au mahali ulipofikia, wakati daktari na mwanafizikia wakipiga hesabu zao kwa siku kadhaa. Familia hunung'unika hapa, "mbona wanamchelewesha mgonjwa?" Siku hizo ndizo zinazolinda moyo wake na uti wa mgongo.

Siku yenyewe utabaki peke yako chumbani, lakini wanakuona kwa kamera na kukusikia. Itachukua nusu saa mpaka saa moja. Hutasikia maumivu wala joto. Kwa kawaida hupumzishwa angalau siku moja katikati kabla ya pigo la pili. Nywele za kichwa hazinyonyoki. Ukitoka huna mionzi mwilini, mjukuu akae mapajani bila wasiwasi, na wala hakuna haja ya kutengewa sahani.

Uchovu utakuwepo kwa wiki kadhaa. Ngozi inaweza kuwa nyekundu. Uvimbe ukiwa karibu na mbavu, mbavu inaweza kuuma baada ya miezi mingi, hata kuvunjika kwa kukohoa tu.

Jambo ambalo ningependa mlikumbuke kuliko yote ni hili. Kati ya mwezi wa pili na wa sita hivi baada ya mionzi, pafu linaweza kuvimba kwa ndani. Mgonjwa anapata kikohozi kikavu, pumzi inakuwa fupi, pengine na homa. Akienda zahanati iliyo karibu ataambiwa ni kichomi au kifua kikuu, na atapewa dawa zisizomsaidia, wakati dawa ya hali hii ni ya jamii ya steroidi na inatakiwa mapema. Kwa hiyo akiwa safarini au nyumbani, mgonjwa awe na barua inayosema alipigwa mionzi lini na pafu gani, na aitoe kabla hajaulizwa. Picha zake nazo zitaonyesha kivuli cha kovu kwa miaka. Asomaye picha bila kujua historia atasema kansa imerudi, na nyumba nzima italia bure.

Sigara iachwe hata sasa. Nimewasikia wazee wakisema, "Imeshaniua, niache nimalizane nayo." Anayeacha baada ya kugunduliwa hupumua vizuri zaidi na huishi zaidi.

Safari na gharama

Hapa Tanzania, kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana Ocean Road peke yake, Dar es Salaam, mpaka baadaye Bugando, Mwanza, nayo ilipoanza. Mwaka 2018 Ocean Road ilianza kutumia mashine mpya za umeme, badala ya kutegemea zile za kobalti tu. Kwa majirani zetu Kenya, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Nairobi, ilipata mashine ya CyberKnife mwaka 2023. Mwulize daktari swali hili, kwa maneno haya: "Mgonjwa wetu hawezi kupasuliwa; je, anafaa kupewa mionzi ya kulenga ya siku chache, na ni wapi atakapoipata?" Omba barua ya rufaa kwa daktari wa mionzi, maana daktari wa upasuaji amejibu swali lake tu. Msiikawize barua hiyo, uvimbe hausubiri.

Kuhusu fedha, anzeni na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, muulize msamaha na bima. Kisha jumuiya. Tunajua kuchanga mamilioni kwa harusi katika miezi miwili, na kadi za michango tunazitembeza hata kwa tusiowafahamu. Kwa mgonjwa tunangoja awe marehemu ndipo daftari lizunguke.

Na neno moja juu ya Mpako wa Wagonjwa. Baba Paroko alipofika kwa yule mzee na mafuta matakatifu, majirani walianza kusogeza viti vya msiba. Sakramenti hii si tiketi ya kaburini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza wazi kwamba si ya wale tu walio katika kukata roho. Mgonjwa anaweza kuipokea asubuhi na jioni akapanda basi kwenda kutibiwa.

Mzee wetu alipanda basi hilo. Barua ya rufaa ilipatikana, uvimbe umeonekana uko pembeni, na amepewa tarehe ya kulazwa kwenye lile godoro. Nilipokwenda kumsalimu aliniuliza kama ataruhusiwa kuvaa rozari yake shingoni ndani ya mashine. Nikamwambia, "Hapana baba, ina chuma, wataivua. Mpe binti yako aishike pale nje mlangoni." Akafikiri kidogo, akasema basi binti aianze yeye kuisali, na wakimtoa ataimalizia.